Mbolea ya bei nafuu pekee haitauokoa udongo unaogeuka asidi

KILA msimu wa mvua ya masika unapokaribia, mjadala kuhusu mbolea humu nchini huanza na kuishia katika mambo mawili: bei ya gunia na urefu wa foleni katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB). Ni nadra kwa mwanasiasa, awe wa serikali au wa upinzani, kuuliza ni lipi hutokea pindi gunia hilo linapofunguliwa na punje zake kufukiwa ardhini.

Lau swali hilo lingeulizwa, jibu lingewashangaza wengi. Sehemu kubwa ya nitrojeni anayoinunua mkulima haiendi moja kwa moja katika mmea. Hupitia kwanza mikononi mwa viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huila amonia iliyomo katika mbolea ili wapate nguvu za kuishi. Ndio wanaoamua iwapo nitrojeni hiyo itaingia katika mahindi, itasombwa na maji ya mvua au itapaa angani.

Viumbe hao hao, katika kazi yao hiyo, huacha asidi nyuma yao. Ni kwa sababu hii ambapo mpango wa kugawa mbolea usipoandamana na mpango wa kutibu udongo unaweza kugeuka mzigo kwa mkulima yule yule unaonuia kumwokoa.

Siasa za gunia

Suala la bei si dogo, na lilistahili kushughulikiwa. Mnamo 2022, vita vya Ukraine vilipoanza wakati soko la dunia lilikuwa tayari limeyumba, gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia liliuzwa nchini kwa zaidi ya Sh6,000. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba mwaka huo, alitangaza kuwa mbolea ya ruzuku ingeuzwa kwa Sh3,500. Mwaka wa 2023 bei hiyo ilishushwa tena hadi Sh2,500.

Kisha mwaka wa 2024 kukazuka sakata ya mbolea ghushi. Wakulima waliouziwa bidhaa isiyofaa walilalama, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) likanasa magunia, na mapema mwezi Mei Bunge la Kitaifa likapiga kura ya kumng'oa aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Siku chache baadaye kamati maalum ya bunge ilisema madai dhidi yake hayakuthibitishwa.

Katika kelele hizo zote, hoja ilikuwa ni kama mbolea ni halisi au ni bandia. Mbolea halisi ikachukuliwa kuwa suluhu kamili. Hapo ndipo mjadala ulipokomea, ilhali kwa mkulima wa Murang'a au wa Uasin Gishu mambo huanzia papo hapo.

Udongo wa volkano

Sehemu kubwa ya chakula, chai na kahawa ya Kenya hutoka katika ardhi iliyozaliwa na volkano. Udongo mwekundu wa Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru ni mawe ya volkano za Mlima Kenya na Nyandarua yaliyomung'unywa na mvua na joto kwa muda mrefu mno. Uwanda wa Uasin Gishu ulitandazwa na lava. Katika miinuko ya Mau na kandokando mwa Bonde la Ufa, majivu ya volkano yaliacha udongo mweusi ulio mwepesi.

Udongo huu ni wa kina kirefu, hushika maji vizuri na mizizi huupenya kwa urahisi. Ndiyo sababu walowezi wa kikoloni waliumezea mate, na ndiyo sababu hadi leo wengi huamini kuwa rutuba yake haiishi.

Lakini una udhaifu wake. Katika nyanda zenye mvua nyingi, madini kama kalsiamu na magnesiamu, ambayo huzuia asidi, huoshwa taratibu hadi yakapungua. Chuma na alumini hubakia kwa wingi, nazo huing'ang'ania fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati. Kwa hivyo udongo huu huanza safari yake ukiwa tayari umeelekea upande wa asidi, hata kabla ya gunia la kwanza la mbolea kufika shambani.

Kwa makadirio ya watafiti wa kilimo nchini, udongo wenye asidi hufunika takriban asilimia 13 ya ardhi ya Kenya. Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo, ila ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya nchi ni kame. Maeneo yenye asidi ndiyo hayo hayo yenye mvua, watu wengi na mashamba mengi.

Kazi ya viumbe

Mbolea ya DAP, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kipenzi cha mkulima wa mahindi, ina asilimia 18 ya nitrojeni, yote ikiwa katika umbo la amonia. Yurea ina asilimia 46, nayo hugeuka kuwa amonia siku chache baada ya kukutana na unyevu wa udongo.

Amonia hiyo haikai hivyo kwa muda mrefu. Kundi la kwanza la viumbe huiunganisha na oksijeni na kuifanya nitriti, kisha kundi la pili huifanya nitriti kuwa nitrati. Nitrati ndiyo chakula ambacho mahindi na mimea mingi ya shambani huchukua kwa wingi. Katika hatua ya kwanza, kila chembe ya amonia inayogeuzwa huachilia chembe mbili za hidrojeni, na hidrojeni hiyo ndiyo asidi yenyewe.

Elimu hii si ngeni. Mwanasayansi Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, aliwatenga bakteria wanaofanya kazi hiyo mnamo 1890 akiwa Zurich, Uswisi. Kwa zaidi ya karne moja baadaye wataalamu waliamini kuwa bakteria ndio pekee wanaoila amonia udongoni kwa njia hiyo.

Imani hiyo iliacha kitendawili. Katika maabara, bakteria hao hudhoofika asidi inapozidi. Hata hivyo, katika mashamba yenye asidi kali, yakiwemo ya majani chai, amonia iliendelea kugeuzwa nitrati kama kawaida. Ni nani aliyekuwa akifanya kazi hiyo?

Jibu lilianza kupatikana mnamo 2005, watafiti walipotenga kutoka kwa tangi la samaki mjini Seattle, Marekani, kiumbe anayekula amonia ambaye si bakteria, bali ni wa jamii ya kale iitwayo arkea. Mwaka uliofuata, utafiti uliofanywa katika udongo wa sehemu kadhaa za Ulaya ulionyesha kuwa arkea hao huwazidi bakteria kwa idadi. Na mnamo 2011, watafiti wa Scotland waliripoti aina ya arkea kutoka udongo wa asidi ambayo hustawi hasa pale bakteria wanaposhindwa.

Kwa mkulima, ugunduzi huo una maana moja nzito. Udongo hauna breki. Mtu asidhani kuwa asidi ikifika kiwango fulani viumbe watakufa na uchachu huo ukome wenyewe. Wapo wanaoendelea na kazi hata kiwango cha pH kikishuka chini ya 5, madhali amonia inaendelea kuletwa.

Hesabu ya asidi

Si haki kuwalaumu viumbe hawa. Bila wao, amonia ingebaki imeshikiliwa na udongo na mimea mingi ingepata nitrojeni kwa shida. Isitoshe, mzizi unapoichukua nitrati hurudisha udongoni kitu kinachofuta sehemu ya asidi iliyozalishwa. Nitrati yote ikiingia katika mmea, na masalio ya mmea huo yakirudi shambani, mizani hukaribia kusawazika.

Tatizo huja mizani hiyo inapovunjika. Amonia hunatia chembe za udongo, lakini nitrati hainati. Mvua kubwa ikinyesha kabla ya mizizi kukomaa, nitrati husombwa chini huku asidi ikibaki juu. Mahindi yakivunwa na mabua kulishwa ng'ombe au kuuzwa, madini ya kuzuia asidi huondoka pia. Mwaka hadi mwaka deni hilo hujilimbikiza.

Vitabu vya kilimo hukadiria kuwa ili kufuta asidi inayoletwa na gunia moja la DAP la kilo 50, huhitajika zaidi ya kilo 30 za chokaa ya kilimo. Mkulima anayetumia magunia mawili kila mwaka kwa ekari moja, bila kurudisha chochote, atakuwa baada ya miaka 20 amejiwekea deni la zaidi ya kilo 1,200 za chokaa katika ekari hiyo.

Matokeo yake yanajulikana. Kiwango cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Mizizi mifupi haifikii maji wala virutubisho. Fosforasi, ambayo ndiyo sababu kuu ya kununua DAP, hukamatwa na udongo. Maharagwe nayo hukosa msaada wa bakteria wanaoishi katika mizizi yao na kuyapatia nitrojeni ya hewani.

Mkulima huona tu kwamba mbolea "haifanyi kazi". Huongeza kipimo, na kwa kufanya hivyo huongeza ugonjwa. Wengine hulaumu mbegu, wengine hushuku kuwa wameuziwa bandia. Katika mazingira ya shaka yaliyoachwa na sakata ya 2024, ni vigumu kumshawishi kwamba mbolea halisi inaweza kumwangusha sawa na ile ghushi.

Ikumbukwe pia kwamba asidi si adui wa kila zao. Majani chai hupenda pH ya kati ya 4.5 na 5.5, kiwango ambacho kwa mahindi ni balaa. Hii ndiyo sababu ushauri wa jumla kwa nchi nzima hauwezi kufaa.

Somo la Muguga

Hasara haiishii kwenye asidi. Nitrati inayosombwa ni pesa zinazopotea. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 uligundua nitrati ikiwa imerundikana chini kabisa, mahali ambapo mizizi ya mahindi haikuifikia, ilhali mti wa sesbania uliweza kuichota. Sehemu nyingine ya nitrojeni hupaa ikiwa gesi ya oksidi ya nitrasi, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 273 kuliko kiasi sawa cha hewa ya kaboni.

Kuhusu wakati wa kuzuia hasara hiyo, Kenya haina haja ya kwenda mbali kutafuta elimu. Mtafiti H.F. Birch, aliyehudumu katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, Kiambu, alichapisha mnamo 1958 matokeo ambayo hadi leo hutajwa na wanasayansi wa udongo kote duniani kwa jina lake. Alionyesha kwamba udongo uliokauka unaponyeshewa, viumbe wake huamka kwa ghafla, huozesha mboji kwa kasi na kuachilia nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Udongo unavyokauka zaidi, ndivyo wimbi hilo linavyokuwa kubwa.

Maana yake ni kwamba mvua za kwanza huja na zawadi ya nitrojeni isiyonunuliwa. Anayepanda mapema huipata, naye anayechelewa huikuta imekwisha kusombwa. Mbolea ya ruzuku inayofika ghalani wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza humfanya mkulima aikose zawadi hiyo akiwa kwenye foleni. Kuchelewa kwa mbolea, basi, ni hasara inayoweza kupimwa shambani, sembuse usumbufu wa kusafiri.

Tahadhari ya Sri Lanka

Wapo watakaorukia hitimisho kwamba dawa ni kuachana na mbolea za viwandani. Historia ya karibuni inatoa onyo. Mnamo 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea hizo karibu kwa ghafla. Mavuno ya mpunga na majani chai yaliporomoka, na kabla ya mwaka huo kwisha serikali ilikuwa imelegeza msimamo. Hasara hiyo ilichangia mzozo wa kiuchumi uliomng'oa Rais Gotabaya Rajapaksa mamlakani mwaka wa 2022.

Kwa hakika, Afrika hutumia mbolea kidogo mno. Viongozi wa bara hili walikubaliana mjini Abuja mnamo 2006 kufikia wastani wa kilo 50 za virutubisho kwa hekta kabla ya mwaka wa 2015, na lengo hilo halikutimia. Walipokutana tena jijini Nairobi Mei 2024, walibadilisha lugha. Kongamano hilo halikuwa la mbolea tu bali la mbolea na afya ya udongo, na azimio lake liliahidi kurejesha uhai wa angalau asilimia 30 ya udongo ulioharibika kufikia 2034.

Ahadi hiyo ilitolewa katika ardhi ya Kenya, na ni haki ya Wakenya kuuliza inatekelezwa vipi katika mashamba yao.

Njia ipo

Majibu ya kisayansi si haba. Huko Kabete, viungani mwa Nairobi, jaribio lililoanzishwa mnamo 1976 katika udongo mwekundu wa volkano limeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba mbolea ya viwandani pekee haidumishi rutuba, na kwamba samadi ikichanganywa na mbolea hiyo huleta matokeo bora zaidi. Samadi na mboji hupunguza makali ya asidi, huishika alumini na kuwalisha viumbe wa udongoni.

Chokaa nayo ipo humu nchini. Koru, katika Kaunti ya Kisumu, kuna machimbo ya mawe ya chokaa ambayo yenyewe ni zao la volkano za kale za eneo la Tinderet. Kile kilichotolewa na volkano moja kinaweza kutibu udongo wa nyingine.

Kikwazo ni uzani na umiliki. Shamba lenye asidi kali mara nyingi huhitaji tani nzima ya chokaa kwa ekari, yaani magunia 20. Gharama ya kuisafirisha yaweza kuzidi bei ya chokaa yenyewe. Isitoshe, faida yake huonekana kwa misimu kadhaa. Mkulima aliyekodi shamba kwa mwaka mmoja hana sababu ya kulitibu kwa manufaa ya atakayekodi baada yake, ila ana kila sababu ya kutia DAP apate mavuno ya msimu huo. Hapa ndipo pesa za umma zingeweza kufanya lile ambalo soko haliwezi.

Chokaa pia haipaswi kumwagwa kiholela. Asidi inapopungua, bakteria wanaokula amonia huchangamka na nitrati huzalishwa upesi zaidi. Kwa hivyo ni lazima matumizi yake yaandamane na kugawa mbolea ya nitrojeni kwa vipindi: kidogo wakati wa kupanda, na iliyobaki mahindi yanapofika magotini. Yote haya yanahitaji kupima udongo kwanza.

Pengo la mamlaka

Hapo ndipo utata wa kiutawala unapojitokeza. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za kilimo ziligatuliwa kwa kaunti huku serikali ya kitaifa ikibakia na sera. Ruzuku ya mbolea huendeshwa kutoka Nairobi, ilhali afisa wa nyanjani anayepaswa kumweleza mkulima aina ya mbolea inayolifaa shamba lake ni mwajiriwa wa kaunti. Gunia hutoka kwa serikali moja na ushauri kwa nyingine. Mara nyingi gunia hufika na ushauri usifike.

Serikali tayari ina sajili ya wakulima inayotumiwa kugawa ruzuku. Si muujiza kuongeza katika sajili hiyo kiwango cha pH cha kila shamba, au angalau cha kila kata, na kuamua kutokana nacho kama mkulima anahitaji DAP, mbolea isiyozidisha asidi, au chokaa kabla ya chochote kingine. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) na vyuo vikuu vina maabara na wataalamu. Kinachokosekana ni bajeti inayokiri kuwa chokaa ni pembejeo sawa na mbolea, na kuisafirisha hadi pale mkulima alipo.

Kisiasa, hili ni gumu kuuza. Gunia la mbolea hupigwa picha likikabidhiwa, na bei yake hutangazwa jukwaani. Hakuna anayeshangiliwa kwa kupandisha pH kutoka 4.9 hadi 5.7, hata kama kufanya hivyo ndiko kutakakoamua iwapo mbolea ya Sh2,500 itamzalishia mkulima chakula au itazidisha deni lililo udongoni.

Wabunge wanapojadili makadirio ya bajeti ya kilimo, wana nafasi ya kuuliza swali ambalo halikuulizwa katika sakata ya 2024: kwa kila shilingi inayotumika kununua mbolea, ni senti ngapi zinazotumika kuhakikisha kuwa udongo unaweza kuitumia? Viumbe walio ardhini hawasubiri jibu. Mvua ikinyesha wataamka na kuanza kazi, na asidi watakayoiacha itamkuta mkulima msimu ujao.